Tiketi ya Mama na Ndoo ya Mtani

Kila Jumamosi jioni nilikuwa nafunika cherehani yangu pale Nzuguni, navuka mji mzima hadi Mkonze kwa mama, nakaa kwenye kigoda jikoni kwake na kumkatia tiketi ya bahati nasibu. Simu ilikuwa yake, kitochi cha vitufe kilichochubuka rangi, na laini ilikuwa yake. Mimi nilikuwa vidole tu. Macho ya mama yalishaanza kumsumbua, na hata enzi yalipokuwa mazima, menyu ya simu ilimchanganya kabisa. Alikuwa anabonyeza moja pale panapotakiwa mbili, kisha anailaumu simu.

Mauzo yalifungwa saa kumi na mbili jioni. Droo yenyewe ilichezeshwa usiku, lakini ukiipita hiyo saa kumi na mbili hata kidogo tu, simu inakujibu kwa adabu zote kwamba muda umekwisha, jaribu droo ijayo. Mtandao wa Mkonze ulikuwa na tabia ya kusuasua jioni, watu wanaporudi makwao na kuanza kupigiana. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikaa pale jikoni nikihesabu dakika, mimi ambaye sichezi bahati nasibu na wala siiamini.

Utauliza kwa nini sikukata mapema. Tiketi zilikuwa zinauzwa wiki nzima, tangu asubuhi. Jibu alikuwa nalo mama, na nililipinga miaka yote bila kushinda hata siku moja.

Mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba wake, aliondoka kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Kahama, ndevu zikiwa bado hazijamjaa. Mwanzoni alipiga simu mara kwa mara. Baadaye akawa anapiga akikumbuka. Kisha ukaja ukimya, namba yake ikawa haipatikani, mwaka ukaisha na mwingine ukaisha. Vijana aliokwenda nao walirudi mmoja mmoja, na kila mmoja alikuja na lake. Huyu alisema amehamia machimbo mengine, yule alisema hajui, kwamba hawakuachana vizuri. Mama akaamua kwamba atakwenda kumtafuta mwenyewe, machimbo hadi machimbo, na hatarudi bila yeye. Safari ya namna hiyo inataka fedha ambayo mjane mwenye shamba la uwele na mizabibu michache hana, na sisi watoto wengine tulikuwa tunahangaika na ada na kodi za nyumba. Hapo ndipo bahati nasibu ilipopata mlango wa kuingilia.

Aliniambia wazi kwamba siku kijana akipiga simu, anaacha. Na kwa kuwa angeweza kupiga wakati wowote, mama hakutaka tiketi ikatwe asubuhi. Kukata asubuhi, kwake, ilikuwa sawa na kumwambia mtoto leo usipige, tumeshakata tamaa na wewe. Alimpa siku nzima. Alishinda na kitochi mapajani, akipepeta uwele, akichambua mlenda, sikio liko kwenye simu. Mpaka jua lilipoanza kulala juu ya vilima ndipo alinikabidhi simu na kusema, "Haya. Kata." Lile neno "haya" lilikuwa linaniumiza kuliko kitu chochote. Lilikuwa na maana kwamba Jumamosi nyingine imepita.

Nilichukia. Niseme ukweli, nilimchukia mdogo wangu zaidi ya nilivyoichukia droo. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda kile nikimtukana kimoyomoyo kwa majina ambayo fundi wa nguo za harusi hapaswi kuyajua.

Na haikuwa rahisi kusema habari hizi mbele za watu. Mama ni mtu wa kanisa, wa zile safu za mbele. Mchungaji alishakemea kamari madhabahuni zaidi ya mara moja, na mama aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Lakini namba zake za tiketi alizitoa wapi? Kwenye ubao wa nyimbo, ule wa ukutani. Nyimbo zilizoimbwa Jumapili iliyopita ndizo zilizochezwa Jumamosi. Wimbo ukiwa na namba kubwa kuliko inayokubaliwa, aliipunguza tarakimu ya mbele na kusonga. Nilipomwambia kwamba hiyo ni dhambi juu ya dhambi, alinijibu kwamba Mungu akitaka kumpa nauli hatashindwa kwa sababu ya tarakimu moja.

Kisha mjomba akafariki. Kaka yake mama, mkubwa wao, mzee wa kanisa, mtu mwenye heshima zake pale Mkonze. Aliugua muda mrefu, kwa hiyo kifo hakikutushtua, kilituchosha tu. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Nilipolisikia hilo, kabla hata ya kulia, nilifikiria saa kumi na mbili. Nikajionea aibu, lakini nilijua kwamba na mama huko aliko anaifikiria hiyo hiyo.

Kwetu mfiwa wa karibu hukaa mkekani. Haamki ovyo, hatembei ovyo, hatoki nje ya kiwanja mpaka matanga yaanuliwe. Mama alikaa sebuleni kwa marehemu kaka yake, katikati ya wanawake, khanga kichwani, na mfiwa wa namna hiyo hawezi kushika simu kama mwenye duka. Asubuhi kabla watu hawajajaa aliniita, akanifungia kitochi kwenye pindo la khanga yangu kwa mikono yake. Hakusema habari za tiketi, kwa kuwa shangazi walikuwa karibu. Aliniambia tu niwe na masikio, na nisiisahau saa.

Sasa, tulikuwa na mtani. Wagogo na Wahehe ni watani wa tangu na tangu, na mtani akiingia msibani ana uhuru ambao hata mchungaji hana. Wa kwetu alikuwa mzee wa Kihehe, jirani, dereva mstaafu wa malori, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Tangu jana yake alikuwa amevaa koti la mjomba. Alichukua na fimbo ya mjomba, akawa anatembea kwa kuchechemea vile vile kama mjomba, akidai apewe chai na akilalamika kwamba Wagogo hawa hata wakifiwa sukari wanaificha. Watu walicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na mzee yule aliijua kazi yake. Mtani hachukiwi. Akikunyang'anya kiatu, unakikomboa kwa utaratibu huku unacheka, na ukimkasirikia umeivunjia heshima familia nzima.

Tuliporudi kutoka makaburini, alitukuta tumekaa uani, vijana na sisi tusio vijana sana, kila mtu kainamia simu yake. Mtani akaenda jikoni, akarudi na ndoo kubwa ya plastiki yenye kifuniko. Alipita mbele ya kila mmoja akisema kwamba marehemu amemtuma, kwamba amemwambia watoto wake wamekuja kuzika simu, si yeye, basi na zizikwe. Simu zikaingia ndoo. Watu walizitoa wenyewe wakicheka. Aliponifikia mimi nilitoa yangu, nikadhani yamekwisha. Macho yake yakashuka kwenye pindo la khanga, pale palipovimba. Akagonga pale kwa ncha ya fimbo na kusubiri.

Nilimwambia hiyo ni simu ya mama. Akasema vizuri sana, mama ndiye mfiwa, simu yake ndiyo ina thamani. Watu wote walikuwa wananitazama, wengine wameshaanza kucheka. Nikafungua pindo. Akafunga ndoo, akaiburuta hadi katikati ya uwanja, akaketi juu yake, akaweka fimbo magotini na kutangaza masharti: simu hazitoki mpaka mkubwa wa familia aje mwenyewe na jogoo. Si mtoto wa dada wala mkwe, na hapokei fedha mfukoni kwa mtu.

Jua lilikuwa bado lina nguvu, na nilijipa moyo kwamba mambo haya hayachukui muda. Mkubwa wa familia sasa alikuwa mjomba wangu mdogo. Nikamtafuta uwanja mzima, nikaambiwa amebaki makaburini na mafundi wanaomalizia saruji. Nikaenda huko kwa miguu ya haraka, viatu vikijaa vumbi jekundu. Nilimkuta amechuchumaa anamwelekeza fundi asawazishe pembe. Nikamweleza kwamba mtani anadai jogoo. Akacheka, akasema mtani huyo tumwache akae, ndoo si kiti cha raha, atachoka mwenyewe. Nikasema mama anasubiri simu. Akasema leo kila mtu anasubiri simu.

Ningeweza kumwambia. Lakini mjomba mdogo ndiye aliyekuwa akishika sadaka kanisani, na aibu ya mama ingefika madhabahuni kesho yake asubuhi. Nikasimama pale nikiangalia mwiko wa fundi ukipita na kurudi juu ya saruji. Mjomba akasema wakimaliza atakuja. Fundi hakuwa na haraka hata kidogo. Nilitamani kumpokonya ule mwiko nimalize kazi mwenyewe.

Nilirudi peke yangu. Kivuli cha mlingoti wa umeme kilikuwa kimeshavuka uwanja na kupanda ukuta. Mtani alikuwa pale pale juu ya ndoo, akiwasimulia watoto jinsi mjomba alivyowahi kukimbizwa na kondoo. Nikamsogelea, nikapiga goti, nikaongea kwa unyenyekevu ambao wateja wangu hawajawahi kuuona. Nilimwomba anipe ile simu ndogo tu, abaki na yangu. Akainama, akaniuliza kwa sauti ya mjomba kwamba ni mchumba gani huyo anayepiga simu ya mama mkwe. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilicheka na mimi, meno tu, kwa sababu ndiyo sheria.

Nikamuuliza kijana mmoja saa. Alikuwa hana, saa yake ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa kwenye ndoo. Hakuna mtu uwanjani pale aliyekuwa na saa. Ilibidi niende jikoni kwa wapishi, waliokuwa wanasikiliza matangazo ya jioni redioni. Muda uliobaki haukufika nusu saa. Nilimwona mama kupitia dirisha la sebule. Alikuwa hajageuka kabisa, lakini khanga yake ilikuwa imesogezwa nyuma ya sikio.

Ndipo simu ikaita ndani ya ndoo.

Mlio ule ningeutambua hata usingizini. Ule mlio mkali wa kitochi, unaopanda na kushuka, ambao kwa miaka sikuwahi kuusikia Jumamosi. Watu waliokuwa na namba ya mama walikuwa wote pale msibani, na simu zao zilikuwa humo humo ndooni. Mtani akafurahi. Akaanza kupiga ndoo kwa viganja, akifuatisha mlio, na watoto wakaanza kucheza. Simu ikakata. Ikaita tena.

Sikumbuki nilisema nini, kama nilisema. Nakumbuka koti la mjomba mikononi mwangu, uzito mdogo wa yule mzee, na kwamba nilimsukuma kwa nguvu zangu zote. Alianguka ubavu kwenye vumbi, fimbo ikaruka. Nikakifungua kifuniko, nikachakura simu za ukoo mzima mpaka nikaipata, na nilipoishika ilikuwa imeshakata. Watoto waliacha kucheza. Nilikuwa nimemwangusha mtani, mzee wa kunizaa, kwenye msiba wa mjomba wangu, tena kwa hasira.

Nilipoinua uso, mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka mkekani.

Akaja moja kwa moja, bila kumtazama mtu. Nikamwonyesha kioo ingawa nilijua haoni vizuri. Nikamwambia ni namba tusiyoijua, imepiga mara mbili. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kupiga. Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Kata tiketi kwanza," alisema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwambia kwamba huenda ni yeye.

"Huenda ni mtu wa kunipa habari zake," alisema. "Kata tiketi kwanza."

Hapo nilielewa, na nikaogopa pamoja naye. Miaka yote ile nilidhani anasubiri simu iite. Kumbe alikuwa anaisubiri na kuiogopa kwa wakati mmoja, kwa sababu simu ikishaita na mtu asiyemjua akasema aliyonayo, hakuna tena safari, hakuna machimbo hadi machimbo, hakuna Jumamosi. Tiketi ilikuwa inamweka mwanawe hai kwa wiki nyingine.

Nikafungua menyu. Mtandao ulizunguka, ukazunguka, ukaleta orodha. Nikachagua. Ikaomba namba, na mama akaanza kuzitaja kwa sauti, moja baada ya nyingine, mbele ya ukoo na kanisa. Nilikuwa naziandika. Nyuma yangu mwanamke mmoja wa kwaya alivuta pumzi kwa mshangao, maana yeye ndiye aliyezipachika ubaoni Jumapili, na kwa mpangilio ule ule. Mama hakujali. Saa kwenye kona ya kioo ilikuwa imebakiza dakika chache mno. Simu ikauliza kama nina hakika. Nikakubali. Ikasema ingiza namba ya siri.

Nilikuwa nimeingiza nusu yake ilipoita tena.

Kwa kitochi kama kile, simu ikiingia menyu inapotea, na kuanza upya ilikuwa haiwezekani, muda ulikuwa hautoshi. Namba ilikuwa ile ile. Ningeweza kuikata na kujaribu bahati. Mama alikuwa anatikisa kichwa, si kwa kunikataza, alikuwa anatikisa tu, na midomo yake inakwenda bila sauti. Nikapokea.

Kwa muda kulikuwa na kelele za mashine, kisha mtu akakohoa. "Mama?"

Nilisema ni mimi, dada yake. Akaniamkia, shikamoo, kwa sauti ndogo, kama tulivyofundishwa, na akasema pole na msiba wa mjomba. Kuna mama anayepika chakula kazini kwao, mwenyeji wa Mkonze, ndiye aliyemwambia nani amefariki, na ndiye aliyemwazima simu. Namba ya mama alikuwa nayo kichwani siku zote. Nikamuuliza kazini kwao ni wapi. Nilikuwa nimejiandaa kusikia Kahama, Geita, Msumbiji, popote.

"Niko Msalato, dada."

Msalato. Kule uwanja mpya wa ndege unapojengwa. Nikamuuliza tangu lini, naye akajibu kwa shida kwamba ni tangu mwaka juzi, anabeba zege. Mwaka juzi! Nauli ya kutoka Mkonze kwenda Msalato na kurudi haikufika bei ya tiketi mbili. Hasira ilinipanda. Nilitaka kumwambia kuhusu kigoda cha jikoni, kuhusu mama na uwele wake na sikio lake, nilitaka kumtukana kwa yale majina yote, na hakuna hata moja lililotoka. Nikampa mama simu.

Mama aliiweka sikioni kwa mikono miwili. Alisikiliza. Nilisikia sauti ya mdogo wangu ikiongea haraka haraka, ikisimama, ikiongea tena. Mwishoni mama alisema maneno machache tu. "Kaa hapo hapo. Usiondoke." Akanirudishia simu ikiwa imekatwa. Ilikuwa imeshapita saa kumi na mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja hilo.

Akaniambia nimtafutie bajaji. Shangazi wakaja juu. Mfiwa haachi mkeka siku ya kuzika, walisema, tena jua linazama, mkeka utabaki wazi, marehemu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Mtoto amepatikana, Mungu asifiwe, basi aje yeye, kesho. Mama alisimama katikati yao. Walikuwa na haki. Lakini mimi nilimjua mdogo wangu, na nilijua kesho angekuwa ameshahama. Mtu aliyejificha miaka miwili ng'ambo ya mji hawezi kupewa usiku mzima wa kufikiri.

Mtani alikuwa ameinuka, anajipangusa vumbi. Nilimsogelea nikitaka kumwomba radhi, na kusema kweli sikujua nianzie wapi. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akamvua khanga ya kichwani kwa upole, akajifunga mwenyewe juu ya koti la mjomba, akaingia sebuleni akichechemea na kuketi mahali pa mama mkekani. Kisha akalia. Alilia kwa sauti ya mama kabisa, kwa yale maneno ya Kigogo ambayo mama alikuwa akimlilia kaka yake tangu juzi, akipandisha pale anapopandisha na kukatika pale anapokatika. Wanawake walicheka, kisha kicheko kikawageukia, wakaanza kulia upya pamoja naye. Alipopata nafasi ya kupumua alimtazama mama kupitia mlangoni.

"Nenda," alisema. "Mkeka una mtu."

Hakuna shangazi anayeweza kubishana na mtani. Tukaondoka.

Katika bajaji mama alikaa wima, kichwa wazi kwa mara ya kwanza kwa siku zile, mkono umeshika chuma cha mbele. Mji ulikuwa umewasha taa. Tulipokwama karibu na kituo cha mafuta nikajaribu kuipiga ile namba kwa siri, ili nimwambie tuko njiani. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikaizungushia khanga simu ili mwanga wake usionekane. Niliwaza kwamba amemwomba mwenye simu aizime, kwamba ameshafunga begi, kwamba tutafika na kuonyeshwa kitanda kitupu na mimi ndiye nitakayemrudisha mama Mkonze. Mama aliniuliza anasemaje. Nikasema mtandao. Akaitikia, lakini hakuniamini, nilimwona.

Tuliuliza njia mara kadhaa. Tukaingia barabara ya vumbi iliyochimbwa na malori, tukapita mabanda ya mabati wanakolala vibarua, na kila aliyetokea kwenye mwanga wa taa ya bajaji nilidhani ni yeye na hakuwa yeye. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumfariji mama. Mwisho kabisa palikuwa na kibanda cha chakula kinachofungwa, mwanamke anaosha masufuria, simu yake ikiwa imechomekwa kwenye betri la pikipiki, imezima kwa kuishiwa chaji. Nje kulikuwa na benchi. Juu ya benchi alikaa mtu mwenye saruji mpaka kwenye nyusi, magoti yamebanana, mikono katikati ya magoti. Alikaa kama aliyeambiwa asiondoke.

Alikuwa amekonda na amezeeka kupita mimi. Alisimama kumwamkia mama. Mama alimshika uso, akampapasa mashavu, masikio, mabega, kama mtu anayekagua kitu kilichorudishwa, kwa sababu kwa macho yake na giza lile hakuwa na namna nyingine. Mimi nilisimama pembeni na hasira yangu yote, na nilikuwa nalia kiasi cha kushindwa kuitumia.

Mama akamuuliza swali moja tu. Alimuuliza kwa nini, akiwa hapa hapa, hakuja.

"Nilirudi mikono mitupu, mama," alisema. "Nilikuwa nasubiri nipate cha kuja nacho."

Mama aliketi kwenye benchi. Alimshika mkono, akiusugua saruji kwa kidole gumba.

"Na mimi nilikuwa nasubiri nipate cha kukufuatia," alisema.

Kisha akaniambia nikamwambie dereva wa bajaji asiondoke, tunarudi msibani watatu.